Koti Lililoitwa Wakili

Dada yangu mkubwa, mama yangu wa pili,

Shikamoo. Ipokee kwa mikono miwili, maana hii nimeitoa kwa hiari yangu, si kama zile za utotoni ulizokuwa ukizivuta kutoka kwangu kwa kunishika sikio. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limeacha kulalamika, shemeji amepunguza kukoroma, na wapwa zangu bado wanaamini kwamba mjomba wao ndiye mtu mwenye akili kuliko wote duniani. Mimi sijambo. Nasema sijambo kwa sababu ndivyo barua zinavyoandikwa. Mwili unatembea, unakula, unacheka inapobidi. Ila nimechoka, dada. Ni uchovu usiotoka kwa usingizi. Nalala nao, naamka nao, kama mtu na mkewe waliokwisha kuzoeana.

Barua yako niliipata. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaenda kuisoma chooni, maana huko tu ndiko Povu hachungulii. Povu ni mwenzangu kazini, utamjua hapo mbele. Umenieleza kwamba baba mdogo ameipeleka mahakamani nyumba aliyotuachia marehemu baba, eti ni yake kwa kuwa yeye ndiye aliyebeba matofali. Umesema kesi itasikilizwa mwezi ujao. Umesema pia kwamba yule jirani yako karani mstaafu alijitolea kukuandikia maelezo na kukufundisha la kusema, nawe ukamjibu asijisumbue, wakili yupo, tena wa damu yetu, atakuja mwenyewe na koti lake jeusi na baba mdogo atatafuta dirisha la kutokea. Hapo uliweka alama tatu za mshangao. Nilizitazama muda mrefu. Zimesimama pale kama askari watatu waliokuja kunichukua.

Sasa unataka jibu moja tu, nakuja au siji. Nitakujibu. Lakini unanijua, siwezi kufika mlangoni bila kwanza kuizunguka nyumba.

Tuanze na kazi. Nilikuandikia kwamba nimepata nafasi katika ofisi inayoshughulika na mawakili. Hilo si uongo hata chembe. Tunashughulika nao sana. Tunawafulia. Ndiyo, umesoma sawasawa. Weka barua chini, kunywa maji, kisha urudi.

Umerudi? Haya. Mdogo wako anapiga pasi kwa dobi. Ni chumba kirefu chenye dirisha moja, na dirisha lenyewe limezibwa na mvuke tangu asubuhi, kwa hiyo jua tunalisikia kwa watu. Mwenye duka tunamwita Bosi Wanga, kwa sababu hutia wanga kila kitu: kola, vitambaa vya meza, hata uso wake. Povu yuko kwenye masinki, anasugua na kuimba vibaya. Mimi niko kwenye meza ya pasi, na nisijisifu sana, lakini suruali niliyoinyoosha mimi unaweza kukatia mkate. Wapo wateja wanaosema nguo zao zipelekwe kwa yule kijana mwenye mdomo, wala si kwingine. Mwenye mdomo ndiye mimi. Kumbe hata huku wamegundua kwa nini mlikuwa mkiniita Kasuku.

Maduka yenye uwezo yana sanamu la kuvalishia makoti, ili mabega yanyooshwe yakiwa na umbo. La kwetu lilivunjika shingo kabla sijaajiriwa. Bosi Wanga aliponitazama siku ya kwanza hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniambia nigeuke, akayapima mabega yangu, haya haya uliyokuwa ukiyaita kitundikio cha nguo, akamwambia Povu kwamba sanamu jipya limepatikana, tatizo lake tu ni kwamba linakula. Basi tangu siku hiyo kila koti likishapigwa pasi kifua na mikono navikwa mimi. Nasimama wima, kidevu juu, sipumui kwa nguvu, na Povu ananizunguka na kitambaa kibichi na pasi ya mvuke. Humo ndani ya makoti nimekuwa mkuu wa shule, nimekuwa bwana harusi, nimekuwa hata marehemu, maana kuna familia ilileta suti ya mzee wao akiwa bado anavuta pumzi.

Siku moja nilikuwa ndani ya koti jeusi la wakili fulani. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mmoja amekumbatia mapazia. Povu alikuwa amekwenda kuongeza maji. Yule mama akaniona nimesimama peke yangu, nimenyooka, sipepesi jicho, akadhani mimi ndiye mwenye koti aliyekuja kulijaribu. Akainama kidogo, akaniuliza kwa heshima habari za mahakamani. Dada, hapo palitosha kusema mimi ni sanamu, tukacheka, yakaisha. Nikamjibu kwamba kesi ni nyingi, mama, tunasukumana nazo hivyo hivyo.

Na mwenye koti hakurudi kulichukua. Nguo za namna hiyo huning'inizwa kwenye bomba la nyuma ya duka, mahali tunapopaita makaburini. Lakini lile koti halikukaa makaburini sana. Kila jioni nilikuwa nikiondoka nalo, na asubuhi nalirudisha.

Mtaani kwetu jina likashika haraka kuliko moto kwenye nyasi. Nikawa Wakili. Maneno niliyapata kwenye magazeti ya zamani tunayofungia mashati: kwa mujibu wa, pingamizi, shauri limeahirishwa. Majirani wawili waligombania kamba ya kuanikia nguo mpaka wakavuana vitambaa vya kichwa. Nikavaa koti, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikawasikiliza wote, nikatamka kwamba kwa mujibu wa upepo kila mtu aanike upande unaotazama mlango wake. Walipiga makofi. Wakanivika kilemba cha ukoka, nami badala ya kukivua nikakifunga vizuri kisije kikaanguka.

Usidhani nilikuwa nawacheka moyoni. Laiti ningekuwa nawacheka. Mtu anayewacheka wenzake anajua yeye ni nani. Mimi nilianza kuona kwamba kupiga pasi ndiko kosa, ni kama nimewekwa pale kwa muda huku karatasi zangu zikitafutwa mahali. Bosi Wanga aliponitupia rundo la mashuka ya hospitali nilikasirika kweli kweli, nikajiuliza ni wakili gani huyu anayepewa mashuka. Povu alikuwa akipiga kelele kutoka kwenye masinki kwamba mheshimiwa, mashuka yako yamekata rufaa, yanataka yasikilizwe leo. Kila mtu alicheka isipokuwa mimi. Nilipokuandikia wewe zile barua, sikuwa najiambia nakudanganya. Nilijiambia huu ni ukweli uliochelewa njiani tu, utafika.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Waliosema hivyo hawakutembea nayo. Ni ndefu, na haina mahali pa kukaa.

Sasa nikueleze habari za Shangazi Cherehani. Si shangazi yetu wa damu. Ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, mama wa makamo anayeshona nguo chumbani kwake, na mtaa mzima tunamwita shangazi. Nilipofika mjini bila godoro, yeye ndiye aliyenishonea la vipande vya nguo. Anatema sindano na matusi kwa wakati mmoja wala hachanganyi. Mwenye nyumba alitaka kumtoa ili chumba ampe mpwa wake, na kwa kuwa Shangazi alikataa kutoka, akampeleka mahakamani. Shangazi alikuja mlangoni kwangu, akaniambia Wakili, mwanangu, haya maneno ya kule mimi siyajui, utanisemea? Nikamwambia asitie shaka. Nikamwambia hata asijisumbue kuja, mteja wa wakili hukaa nyumbani akanywa maji, mdomo wa kazi hiyo ni mmoja nao ni wangu.

Nilikwenda. Nilisimama mbele ya hakimu, nikaanza kwa mujibu wa sheria za upangaji. Mwenye nyumba alijaribu kunikatiza, nikamwekea pingamizi. Hakimu aliniangalia juu ya miwani, mtu mzima mwenye kovu dogo kwenye nyusi, akasema endelea, kijana. Nilieleza miaka aliyokaa Shangazi katika chumba kile, mlango aliouweka yeye mwenyewe, bati aliloziba yeye mwenyewe. Lakini mwenye nyumba alikuwa na wakubwa nyuma yake, na mwenye wakubwa hashindwi. Tukashindwa kiume.

Hivyo ndivyo inavyosimuliwa mtaani kwetu. Shangazi mwenyewe huisimulia vizuri zaidi.

Dada, hakuna lolote katika hayo lililotokea. Nimeyasoma tena hayo niliyoandika hapo juu na nilitaka kuyafuta, lakini nimeyaacha, ili uone mwenyewe. Nilikaa chini leo nikiwa nimekusudia kukuambia ukweli mtupu, na mkono ukaenda zake. Hata lile kovu la hakimu naliona mpaka sasa. Hakimu yule sijawahi kumwona uso.

Lililotokea ni hili. Nilifika asubuhi nimevaa koti, nimepaka viatu mafuta. Mlangoni alikuwepo askari mmoja wa kike, mpole tu, hakuwa na ubaya wowote. Aliniuliza mheshimiwa anatoka ofisi gani, ili aniandike. Basi. Swali lenyewe ndilo hilo. Ulimi wangu, huu uliokuwa ukikuzuia usilale ulipokuwa umechoka na kazi za nyumbani, ulikauka kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Nikalivua koti. Nikalikunja vizuri, mabega ndani, bitana nje, nikaliweka mkononi, nikamwambia mimi ni kijana wa dobi, nimeleta nguo ya wakili. Ndilo neno pekee la kweli nililolisema mwaka huo wote, na nililisema kwa ajili ya kukimbia.

Akaniambia nisubiri pembeni, wakili wangu atakuja. Nikasubiri. Mlango wa chumba cha kesi ulikuwa wazi nusu. Nilimwona mwenye nyumba kwa mgongo, amevaa shati la mistari nililolipiga pasi mwenyewe jana yake, na nakwambia lilikuwa limekaa vizuri. Wakamwita Shangazi kwa jina lake kamili, ambalo hata mimi nilikuwa silijui. Kimya. Wakamwita tena. Mimi nipo pale, hatua chache, koti mkononi. Wakamwita mara ya tatu. Sauti nyingine ikasema mdaiwa hakufika, na yaliyofuata yalichukua muda wa kunyoosha kola moja. Chumba cha Shangazi kikaenda.

Nilirudi kwa miguu. Nilimkuta amekaa mlangoni, cherehani limefunikwa, amevaa gauni lake la heshima ingawa nilimwambia asibanduke nyumbani. Nikafungua kinywa kumwambia, kikatoka kile kisa cha wakubwa wa mwenye nyumba. Hakulia. Alinitazama, akasema masikini, sauti imekukauka kwa kunitetea, akaingia ndani akaniletea maji ya uvuguvugu yenye chumvi nisukutue koo. Nikasukutua, dada. Nilisimama pale uani nikasukutua.

Bosi Wanga, ambaye uso wake ni wa wanga lakini moyo si wa wanga, alimpa kona ya nyuma ya duka. Analala pale, anashona vifungo na kurekebisha zipu za wateja, na kitanda chake kiko chini kabisa ya lile bomba la makaburini. Kila asubuhi ananisalimu Wakili, nami pasi mkononi, maana mtaani niliwaambia napiga pasi kwa muda tu nikingoja karatasi zangu. Kila mteja anayeingia anaelezwa jinsi nilivyomwungurumia hakimu. Mwanzoni nilikuwa nainamisha kichwa kwa aibu, watu wakadhani ni unyenyekevu. Baadaye nikaanza kuongezea vipande alivyosahau. Ndipo nilipoona kwamba nimekuwa nikikumbuka mambo yasiyotokea, na nikaogopa.

Kisha ikaja barua yako.

Povu hakuichungulia chooni lakini aliiokota mfukoni mwa suruali yangu, na asubuhi ya leo alikuwa ameshatangaza duka zima kwamba mheshimiwa anasafiri kwenda kumtetea dada yake. Nilipoingia nilimkuta Shangazi ameliteremsha lile koti, amelilaza mapajani, anashona bitana lililokuwa limefumuka kwapani. Akasema kazi hii ni zawadi, hawezi kuacha wakili wake aende kwa watu na kwapa wazi.

Nikamwambia yote. Sikuyapanga, yalitoka kama maji machafu yanavyotoka sinki linapozibuka. Povu aliacha kuimba. Shangazi hakuinua macho. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno. Akasema koti alijua siku nyingi si langu, kwa sababu bitana lile alimtilia mwenye koti yeye mwenyewe, miaka ya nyuma, na mshono wake anaujua hata gizani. Alifikiri nimeazima, na kuazima nguo si dhambi, masikini wote huazima. Akasema, koti nilijua si lako, nilidhani maneno ndiyo yako.

Halafu akaniuliza walimwita mara ngapi. Nikamwambia mara tatu. Akauliza, kwa jina langu lote? Nikasema ndiyo. Akasema angeitika ya kwanza.

Dada, nimechapwa na wewe, nimechapwa na walimu, nimeunguzwa na pasi mpaka ngozi ikabaki kwenye chuma. Havikufika hapo.

Hajanisamehe, na mimi sijathubutu kumwomba. Aliniamuru nivae viatu. Tulikwenda mahakamani, yeye mbele, mimi nyuma kama mbuzi wa kuuzwa. Karani alimsikiliza, akasema mtu aliyehukumiwa bila kuwepo anaweza kuomba kesi ifunguliwe upya, ila lazima aeleze kwa nini hakufika, na yule aliyemzuia aje aseme kwa mdomo wake. Akanitazama, akaongeza kwamba kujifanya wakili ni kosa, na wakitaka wanaweza kunishika. Shangazi akasema basi wakitaka wamshike kijana huyu, lakini aseme kwanza. Tunarudi kule wiki ijayo. Atajisemea mwenyewe. Amekuwa akijizoeza mchana kutwa kwa kumfokea Povu, na Povu ameshindwa kesi zote.

Kwa hiyo jibu lako ndilo hilo, na nisamehe kwa kulichelewesha mpaka hapa. Wakili huna. Hukuwahi kuwa naye. Usiningoje. Leo hii, kabla hujalaza kichwa, vaa kanga yako uende kwa yule karani mstaafu, umwambie mdogo wako ni mpumbavu, akuandikie. Ile karatasi ya baba iko ndani ya sanduku la mama, chini ya mashuka, unaijua. Yule fundi aliyejenga ukuta wa nyuma bado yu hai. Mchukue, hata kama atanuna njiani. Na siku ya kesi wahi, kaa karibu na mlango, wakikuita itika. Itika ya kwanza, dada. Sauti unayo, mimi ndiye niliyeisikia zaidi kuliko mtu yeyote.

Najua umewatangazia watu. Najua baba mdogo atacheka mpaka ashike mbavu. Nitupie mimi hicho kicheko, usikibebe wewe. Waambie Kasuku alirudia maneno ya magazeti, mkadhani anazungumza.

Wakiniachia huku, nitakuja. Sitakuja na koti. Lile limerudi makaburini, na bosi amesema safari hii analifungia kwa ufunguo. Nitafika siku moja kabla ya kesi. Lile gauni lako la buluu lenye mikunjo kifuani usiliguse. Utaliunguza, maana wewe pasi hujaijua tangu tukiwa wadogo, na hili nalisema kwa heshima zote. Niachie mimi. Nitalinyoosha mkunjo mmoja mmoja, halafu nitakwenda kukaa benchi la nyuma kabisa na kunyamaza, jambo ambalo hujawahi kuliona maishani mwako.

Nisalimie shemeji, nisalimie wapwa zangu. Hao wapwa usiwaambie bado kuhusu mimi. Au waambie, vyovyote utakavyoona, mimi nimechoka kuchagua. Msalimie na yule karani, umwombe radhi kwa niaba yangu. Shangazi anakusalimu pia. Amesema nikuandikie kwamba hakujui, lakini anakuombea uamke mapema siku hiyo.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku, mpiga pasi.